Willie Nelson alichanganya nini hasa? Jibu kwa mwimbaji wa Nakuru

Swali: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Nakuru. Nina miaka 24, naimba na kupiga gitaa. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori na garini mwake hamkukosa kaseti ya kantri, kwa hiyo nimekulia humo. Mama ni mtu wa benga. Nimeandika nyimbo 11 za Kiswahili na zote zimetoka hivyo hivyo, nusu baba nusu mama. Prodyuza niliyemwendea ameniambia nichague upande mmoja, kwani redio hazitajua zinipange wapi. Lakini nasikia Willie Nelson aliimba kantri, jazi, bluzi, hadi rege, na bado akaheshimiwa. Aliwezaje? Au ni kwa sababu tayari alikuwa na jina?

Jibu: Binti yangu, pole kwa baba, na hongera kwa nyimbo 11. Wengi wanaoniandikia wana wimbo mmoja na nusu.

Nianze na swali lako la mwisho. La, hakuwa na jina. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Willie Nelson alikuwa kijana mwenye mke na watoto, anaishi pembezoni mwa Houston, mchana anafundisha gitaa na usiku anapiga katika ukumbi wa dansi. Njiani kati ya nyumbani na ukumbini akatunga wimbo unaoitwa Night Life. Mwenye kampuni iliyokuwa ikimrekodi akausikiliza, akaukataa kwa sababu uleule uliopewa wewe: hii si kantri. Na kweli, ukiusikiliza, mwendo wake ni wa bluzi na mishiko yake ya gitaa ni ya mtu aliyekaa na jazi. Nelson alikuwa na njaa. Aliuuza wimbo wote, haki zote, kwa dola 150, kisha akaurekodi kwa kujificha chini ya jina la Hugh Nelson, maana Hugh ni jina lake la pili. Baadaye wimbo huo uliokataliwa ukaimbwa na Ray Price, mtu wa kantri, na B.B. King, mtu wa bluzi, na Aretha Franklin. Nelson hakuwa tena na chake ndani yake. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuuza wimbo mwingine, Family Bible, kwa dola 50.

Nitarudi kwenye hiyo biashara ya kuuza, kwa sababu inakuhusu. Kwanza tuone mchanganyiko wenyewe ulitoka wapi.

Alizaliwa mwaka 1933 Abbott, kijiji cha pamba kati ya Dallas na Waco, jimbo la Texas. Wazazi waliachana akiwa mchanga, akalelewa na babu na bibi yeye na dada yake Bobbie. Wazee hao walikuwa watu wa kanisa na watu wa muziki; babu mhunzi, bibi akifundisha piano. Nyimbo za tenzi ndizo zilizotangulia. Akiwa na miaka sita babu akampa gitaa. Kwenye mashamba ya pamba alikochuma pamoja na wakubwa, alisikia Wamarekani weusi wakiimba bluzi na Wameksiko wakiimba zao. Redioni alipata kantri kutoka Nashville, makao makuu ya muziki huo, na stesheni nyingine ikimletea Frank Sinatra, mwimbaji wa nyimbo za mjini zenye jazi. Akiwa na miaka kumi hivi akaanza kulipwa kupiga gitaa kwenye bendi ya familia moja ya Wacheki, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa na wahamiaji wengi wa Kicheki, na Wacheki walitaka polka. Baadaye kidogo yeye na Bobbie wakapiga kwenye bendi ya mume wa Bobbie. Na huko Texas muziki wa dansi wa wakati huo ulikuwa wa Bob Wills, aliyeweka fidla ya shambani na saksafoni ya mjini kwenye jukwaa moja, na watu wakacheza bila kuuliza.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba hakwenda dukani kutafuta viungo. Jumamosi alikuwa kwenye dansi, Jumapili kanisani, Jumatatu shambani, na jioni redioni, na kote huko aliimba kwa sauti ileile. Wewe nawe una lori la baba na sebule ya mama. Hujachanganya kitu. Umekua nacho kikiwa kimoja. Huyo prodyuza ndiye anayeona viwili, na simlaumu, maana kazi yake ni kuuza na anayeuza hutaka rafu yenye jina. Lakini usimwachie akuandikie historia yako.

Sasa, ukweli ni kwamba kukulia kwenye miziki mingi hakutoshi. Watu wengi wa Texas wa rika lake walikulia humo humo. Kilichombeba Nelson ni vitu viwili ambavyo havikubadilika kamwe, hata alipobadilisha kila kitu kingine.

Cha kwanza ni namna anavyoyapanga maneno juu ya mdundo. Mwimbaji wa kawaida wa kantri wa zama zile alikanyaga pigo: ngoma ikisema moja, naye neno lake la kwanza liko pale. Nelson hukaa nyuma. Ngoma inapita, anaitazama, kisha anaingia amechelewa, anayakimbiza maneno matatu, anavuta la nne, na mwisho wa mstari mnakutana mlangoni kana kwamba mlipatana. Mara nyingine hufanya kinyume, huwahi na kumaliza kabla ya wenzake. Ni mwendo wa mtu anayesimulia. Aliupata kwa waimbaji kama Sinatra, akauweka kwenye sauti yake nyembamba inayotokea puani.

Nashville, alikohamia mwaka 1960, sauti hiyo iliwatatiza watu. Nyimbo zake zikapendwa, yeye hapana. Mwaka 1961 Faron Young alifika namba moja kwa wimbo wake wa Hello Walls. Nelson alitaka kumuuzia wimbo huo kwa dola 500. Young akakataa kuununua, akamkopesha fedha hizo badala yake. Mwaka huo huo Patsy Cline akarekodi Crazy. Cline alikuwa ametoka kwenye ajali mbaya ya gari, mbavu bado zinamuuma, na kanda ya mfano aliyopelekewa ilikuwa na Nelson mwenyewe akiimba kwa kuchelewachelewa. Hakuipenda hata kidogo. Ilibidi wapigaji warekodi kwanza, naye arudi majuma kadhaa baadaye kuweka sauti, akiimba kwa njia yake. Wimbo ulifika namba 2 kwenye kantri na namba 9 kwenye pop. Msikilize Cline, kisha msikilize Nelson akiuimba mwenyewe kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1962. Maneno yaleyale, ila mmoja anasimama juu ya pigo na mwingine analizunguka.

Cha pili ni gitaa. Mwaka 1969 mlevi mmoja alikanyaga gitaa lake kwenye ukumbi wa Helotes, Texas. Fundi wa Nashville, Shot Jackson, akasema halitengenezeki, lakini analo lingine, la Martin, aina ya N-20, bei dola 750. Nelson akalinunua bila kuliona. Jackson akahamisha kinasa sauti cha gitaa lililovunjika akakipachika kwenye hilo jipya. N-20 ni gitaa la nyuzi za nailoni, limetengenezwa kwa watu wanaopiga kwa vidole muziki wa kizungu wa zamani, kwa hiyo halina kibao cha kulinda mbao dhidi ya kichokonoo, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi. Nelson hutumia kichokonoo. Zaidi ya miaka 50 ya kuchokonoa imelitoboa tundu kubwa pembeni ya tundu lake la asili. Alilipa jina Trigger, jina la farasi wa Roy Rogers, mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe. Nyumba yake ya Ridgetop, Tennessee, iliposhika moto, aliingia kulitoa. Na mlio wake, ule mkavu unaokatika upesi, unatokana na gitaa hilo pamoja na mapenzi yake makubwa kwa Django Reinhardt, mpiga jazi aliyekulia kwenye misafara ya Waroma huko Ulaya. Weka nyuma yake bendi ya kantri, orkestra, au tarumbeta ya Wynton Marsalis, bado utasema: huyu ni yule mzee.

Hapo ndipo lilipo jibu lako. Kilichotulia ni sauti na gitaa. Kilichohamahama ni nyimbo na watu waliomzunguka.

Na ushahidi mzuri ni miaka ambayo mambo hayo mawili yalifunikwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa kwenye kampuni ya RCA, akitayarishwa na Chet Atkins, mpiga gitaa hodari kuliko wote pale mjini na mtu mwema kwake. Walifanya kile ambacho prodyuza wako anakushauri. Walimchagulia upande. Wakamvika vayolini na kwaya za kuitikia kama wenzake wa Nashville, bendi yake ya barabarani ikaachwa nje ya studio. Albamu zikatoka moja baada ya nyingine na hazikwenda popote. Nimezisikiliza zote mara nyingi. Nyimbo ni nzuri mno, na inauma kumsikia akiimba kama mtu aliyeazimwa suti.

Baada ya moto alirudi Texas, na mwaka 1972 akakaa Austin. Huko palikuwa na ukumbi uitwao Armadillo World Headquarters, zamani ghala la jeshi la akiba, ambako vijana wenye nywele ndefu walikuwa wakisikiliza roki. Nelson akapanda jukwaa lao, na wachunga ng'ombe waliompenda wakamfuata. Makundi mawili yaliyokuwa yakipigana barabarani yakajikuta ukumbi mmoja. Kampuni ya Atlantic, iliyojengwa na muziki wa watu weusi, ikampa mkataba. Mtu wao Jerry Wexler, aliyewahi kuwatayarisha Ray Charles na Aretha Franklin, akampeleka hadi Muscle Shoals, Alabama, kurekodi Phases and Stages, hadithi ya ndoa inayovunjika: upande mmoja wa santuri anasimulia mke, upande wa pili anasimulia mume. Ilitoka mwaka 1974, na mwaka huo huo Atlantic ikafunga ofisi yake ya kantri.

Alipoingia kampuni ya Columbia aliomba kitu kimoja kwenye mkataba: uamuzi wa mwisho kuhusu rekodi uwe wake. Akaenda studio ndogo ya Garland, Texas, na bendi yake mwenyewe, Bobbie kwenye piano, Mickey Raphael kwenye harmonika, akatoka na Red Headed Stranger. Ilikuwa kavu kiasi kwamba wakubwa wa kampuni walidhani ni kanda ya mfano inayongoja kumaliziwa. Mkataba ukawafunga mikono, ikatoka hivyo hivyo mwaka 1975. Wimbo uliomfikisha namba moja kwa mara ya kwanza kama mwimbaji, akiwa na miaka 42, ulikuwa Blue Eyes Crying in the Rain, wimbo wa Fred Rose wa miaka ya 1940. Ndani yake mna sauti, Trigger, na karibu hakuna kingine.

Kisha ikaja Stardust, na hapa naomba uvumilie nikae kidogo, maana kama ungeniruhusu kutaja rekodi moja tu ningetaja hii. Mwaka 1977 Nelson alikuwa anaishi Malibu, California, jirani na Booker T. Jones, mpiga ogani aliyetoka Memphis kwenye muziki wa soul. Akamwomba ampangie Moonlight in Vermont. Alivyoupenda mpango ule, akamwomba watengeneze albamu nzima ya nyimbo za namna hiyo: za Irving Berlin, Hoagy Carmichael, Kurt Weill, nyimbo za enzi za babu yake, ambazo yeye na Bobbie walizijua tangu utotoni. Kampuni ikashtuka. Mfalme mpya wa wahuni wa kantri, wale waliokataa kupangiwa na Nashville, anataka kuimba nyimbo za wazee waliovaa tai? Jibu lake lilikuwa la mtu anayewajua wasikilizaji wake: vijana watadhani ni mpya, na wazee watazikumbuka.

Ilitoka Aprili 1978. Georgia on My Mind ikafika namba moja kwenye kantri, Blue Skies nayo namba moja kwenye kantri, na albamu ikakaa kwenye chati ya albamu za kantri karibu miaka kumi. Sikiliza Booker T. alichofanya. Hakumpa Nelson orkestra ya Sinatra, na pia hakuzigeuza nyimbo ziwe na mwendo wa farasi ili zifanane na kantri. Aliiacha bendi ileile ya barabarani, akaongeza ogani na nyuzi chache za vayolini kwa mbali, kisha akanyamaza. Nafasi iliyobaki wazi ndiyo iliyomruhusu Nelson kuchelewa anavyotaka.

Baada ya hapo akawa huru. Aliimba na Ray Charles, na Seven Spanish Angels ikafika namba moja mwaka 1985. Aliimba na Julio Iglesias. Akaunda The Highwaymen pamoja na Johnny Cash, Waylon Jennings na Kris Kristofferson. Akaanzisha Farm Aid na wenzake Neil Young na John Mellencamp kusaidia wakulima. Mwaka 1990 wakusanya kodi wa Marekani wakamnyang'anya karibu kila kitu, wakidai takriban dola milioni 16.7; binti yake alihakikisha Trigger halipatikani. Mwaka 1998 alirekodi Teatro ndani ya jumba la sinema la zamani pamoja na Daniel Lanois, ngoma zikinguruma kama za Kikuba, na ni kati ya kazi zake bora kabisa.

Na rege? Umeitaja, kwa hiyo nikwambie ninavyoona. Countryman ilitoka mwaka 2005 baada ya kukaa kabatini kwa miaka mingi, na ndani yake yumo hata Toots Hibbert, mtu mzito wa Jamaika. Inasikika vizuri ukiwa safarini. Hata hivyo haijawahi kunikaa moyoni. Mdundo wa rege una pengo lake, na kila chombo kinalilinda pengo hilo kwa nidhamu kali. Sasa mwimbaji ambaye uhai wake ni kutafuta mapengo anakuta pengo limekwisha pangiwa mahali, na hana pa kuchelewea. Nyimbo zake za zamani zimevishwa rege, hazikuzaliwa nayo. Linganisha na Stardust, ambako wimbo ulitangulia na mapigo yakaufuata. Sikwambii uiogope rege. Nakwambia usikilize albamu hizo mbili siku moja, na utajua tofauti kabla hujajua kuieleza.

Haya, tuje kwenye nyimbo zako.

Chukua gitaa peke yake, uziimbe zote 11 bila ngoma, bila besi, bila mashine, urekodi kwa simu. Utaona kwamba nyingine zinasimama na nyingine zilikuwa zimeshikiliwa na mdundo. Hizo za pili ziweke kando kwa sasa, hata kama ndizo zinazochezeka. Katika zinazosimama, angalia gitaa la benga linakuja wapi lenyewe. Benga ina adabu yake: gitaa humsikiliza mwimbaji, hulirudia neno lake, kisha hupewa uwanja likimbie. Kantri nayo huwa na gitaa au fidla inayojibu mwisho wa mstari. Mama na baba yako wanakutana hapo, kwenye jibu la gitaa, na nadhani ndiyo maana nyimbo zako zimetoka hivyo bila wewe kupanga. Ngoma si mahali pao pa kukutana. Ukimwambia prodyuza aweke ngoma za benga chini ya mishiko mitatu ya kantri, atakupa kitu kilichoshonwa, na mshono utaonekana.

Jambo jingine ni la Kiswahili chenyewe, na hili hutalipata kwa Nelson. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo akichelewa neno halivunjiki. Maneno yetu ni marefu na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukichelewa halafu ukakimbiza silabi ili ulifikie pigo, pigo likaangukia silabi isiyo yake, maana yanaweza kuhama. Imba "barabara" mkazo ukiwa kwenye "ra" ya kwanza, hatukuoni tena uko njiani na lori. Tunasikia mambo ni sawasawa. Kwa hiyo ukichelewa, chelewesha neno zima, na uache mkazo utue pale unapotua mtu akizungumza. Jizoeze na mstari mmoja kwa juma zima. Usome kwanza kama unamwambia mtu mezani, kisha uuimbe bila kuharibu mwendo huo. Waimbaji wengi wetu huiga kantri kwa kuiga lafudhi ya Kimarekani. Wewe iga subira yake.

Kuhusu redio, usiwaambie ni kantri-benga. Wapelekee wimbo mmoja, na watauita watakavyo.

Na ile biashara ya dola 50 na dola 150. Mtu akikupenda kiasi cha kutaka kununua wimbo moja kwa moja, muulize kama yuko tayari kukukopesha, kama Faron Young alivyofanya. Usisaini kinachosema "haki zote" kwa sababu kodi ya nyumba imefika. Sajili nyimbo zako kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla hujamtumia mtu yeyote faili, nami nikiwemo. Na kwenye mkataba wa studio, hata wa prodyuza rafiki, tafuta mstari unaosema nani ana neno la mwisho kuhusu rekodi inayotoka. Kama mstari huo haupo, omba uandikwe. Akikataa kuwa ni wewe, basi mshahara wake uwe wa kazi ya siku, si sehemu ya wimbo.

Ukishamaliza zile rekodi za simu, anza na ile uliyoiandikia lori, kama ipo. Na kama haipo, ina maana wimbo wa 12 bado hujauandika.